Mchezo wa Video kama Mwalimu: Kanuni, Stadi na Lugha

Utangulizi

Mchezo wa video unapotajwa, wengi humfikiria kijana aliyekiinamia kioo usiku kucha huku vitabu vyake vimefungwa. Picha hiyo si ya uongo, ila haitoshi. Tangu mashine za michezo zilipoanza kuenea katika kumbi za starehe miaka ya 1970, Pong ya mwaka 1972 ikiwa miongoni mwa zile za awali, wataalamu wa elimu na wa saikolojia wamekuwa wakijiuliza swali jingine. Ikiwa kijana huyo aweza kuirudia kazi ngumu mara mia bila kushurutishwa na mtu, akakosea, akajisahihisha, kisha akaendelea, je, si hapo ndipo lilipo jambo ambalo darasa limekuwa likilitafuta siku zote?

Makala haya yanakusudia kueleza namna michezo ya video inavyoweza kusaidia katika kujifunza na kukuza stadi, pamoja na mipaka ya msaada huo. Hoja yake ya msingi ni kwamba mchezo haufundishi kile unachokionyesha, bali hufundisha kile ambacho kanuni zake humlazimisha mchezaji kukitenda. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi inawahusu wataalamu wa lugha za Kiafrika moja kwa moja, kwa sababu mchezo uliobuniwa kwa lugha nyingine na kutafsiriwa baadaye aghalabu huifanya lugha ya mtoto kuwa pambo la nje, wala si sehemu ya kanuni.

Bao na Mwanafunzi Wake

Kwamba mtu hujifunza kwa kucheza si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mfano ulio karibu ni bao la Kiswahili. Ubao wake una mashimo 32 katika safu 4, na kete 64 zilizogawanywa sawa baina ya wachezaji wawili. Kanuni zake si chache: kuna hatua ya kunamua, ambapo kila mchezaji huingiza kete zake moja moja, na hatua ya mtaji inayofuata baada ya kete za mkononi kwisha, kuna nyumba yenye sheria zake, kuna kichwa na kimbi, na kuna kutakata pale ambapo mchezaji hana cha kula.

Mwanafunzi wa bao hapewi mhadhara. Huketi barazani akatazama, huja siku akaachiwa nafasi, akacheza na kushindwa, na wakubwa wakamcheka au wakamrudishia kete zake mahali pake. Kidogo kidogo hujifunza kuhesabu kete bila kuzigusa na kuufuata mzunguko wake kichwani kabla ya kuunyoosha mkono. Stadi hizo si ndogo. Alex de Voogt, mtafiti Mholanzi, alipowachunguza mabingwa wa bao katika utafiti alioukamilisha mwaka 1995, aliufanya mchezo huo kuwa njia ya kuuliza akili ya binadamu yafika wapi.

Kwa mwanaisimu kuna jambo jingine la kuangaliwa hapa. Neno kutakata, kwa maana yake ya baoni, haliwezi kueleweka sawasawa na mtu ambaye hajapata kukaa mbele ya ubao akakosa njia ya kula. Maana yake hupatikana katika kitendo. James Paul Gee, mwanaisimu Mmarekani, alikuta jambo hilohilo katika michezo ya video. Katika kitabu chake cha mwaka 2003 alisimulia jinsi alivyojaribu kukisoma kijitabu cha maelezo ya mchezo uitwao Deus Ex kabla ya kuucheza, asiambulie kitu. Baada ya kuucheza kwa muda, kijitabu kilekile kilisomeka bila taabu. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba msomaji alikuwa sasa na matendo na picha za kuyashikiza maneno yale. Gee aliona kwamba ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi anayepewa kitabu cha sayansi kabla hajapata kuitenda sayansi yenyewe.

Mambo Yanayoufanya Mchezo Ufundishe

Mchezo wa video umezidi bao kwa jambo moja: mashine yenyewe ndiyo mwamuzi, na ndiyo inayompimia mchezaji ugumu wa kazi. Kutokana na hilo hupatikana mambo matatu.

Kwanza, mchezaji hupata jibu papo hapo. Mwanafunzi aliyeandika insha huenda akangoja wiki nzima kabla ya kujua alipokosea, na kufikia hapo amekwisha sahau alichokuwa akikifikiria. Mchezaji hujua mara moja.

Pili, kosa halina gharama kubwa. Anayeshindwa huanza tena hatua ileile, wala haandikwi katika ripoti ya mwisho wa muhula. Mtoto aogopaye kuchekwa darasani kwa kulitamka neno vibaya aweza kulijaribu mara ishirini mbele ya mashine isiyocheka.

Tatu, ugumu hupanda kwa vipimo. Mwanasaikolojia Mrusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba mtoto hukua zaidi anapofanya kazi iliyo mbele kidogo ya uwezo wake wa sasa, ile asiyoiweza peke yake lakini anayoiweza akisaidiwa. Mchezo uliotungwa vema humweka mchezaji katika nafasi hiyo karibu wakati wote: kazi si rahisi hata ikachosha, wala si ngumu hata ikakatisha tamaa. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hana namna ya kumpimia kila mmoja kwa kadiri hiyo, hata awe hodari vipi.

Ushahidi wa Utafiti

Katika miaka ya 1980 watafiti walibuni mchezo ulioitwa Space Fortress kwa madhumuni ya kuchunguza jinsi stadi ngumu zinavyojengwa. Daniel Gopher na wenzake walieleza mwaka 1994 kwamba wanafunzi wa urubani katika jeshi la anga la Israeli waliofunzwa kwa mchezo huo kwa muda wa saa 10 waliruka vizuri kuliko wenzao ambao hawakuucheza. La kuzingatiwa ni kwamba mchezo ule haukufanana na chumba cha rubani. Ulikuwa na maumbo machache tu yakizunguka katika kioo. Hata hivyo, kanuni zake zilimlazimisha mchezaji kuyagawa mawazo yake baina ya mambo mengi kwa wakati mmoja, na kazi hiyo ndiyo anayokutana nayo rubani angani.

Mwaka 2003, Shawn Green na Daphne Bavelier walitangaza kwamba watu wasiokuwa na mazoea ya michezo, walipocheza mchezo wa vita kwa saa moja kila siku kwa siku 10, waliongeza uwezo wa kuvifuata kwa macho vitu vingi vinavyotokea ghafla. Kundi jingine lililocheza Tetris halikuongeza uwezo huo kwa kiasi hicho. Mwaka 2013 watafiti wa Italia, akiwamo Andrea Facoetti, walieleza kwamba watoto wenye ugumu wa kusoma waliocheza michezo ya kasi kwa saa 12 walisoma kwa haraka zaidi bila kuongeza makosa, ijapokuwa katika michezo hiyo hawakufundishwa herufi hata moja. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba msomaji huhitaji kuyahamisha macho na mawazo yake kwa utaratibu, na mchezo ulikuwa umelizoeza jambo hilo. Lakini watoto waliochunguzwa walikuwa 20 tu, na hilo halifai kusahauliwa.

Mipaka ya Stadi

Ushahidi huu haufai kuchukuliwa kama ruhusa ya kusema kwamba mchezo wowote humwongezea mtu akili. Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon walionyesha kwamba bingwa wa sataranji akitazama ubao kwa sekunde chache huweza kuvikumbuka vipande vingi kuliko mwanafunzi. Vipande hivyo vikipangwa ovyo, pasipo mantiki ya mchezo, ubingwa wake hutoweka, akawa karibu sawa na wengine. Alichokuwa nacho si kumbukumbu kubwa ya jumla, bali ujuzi wa mipangilio ya sataranji.

Matokeo kama hayo yalipatikana katika Tetris. Valerie Sims na Richard Mayer walieleza mwaka 2002 kwamba wachezaji hodari wa mchezo huo waliwazidi wengine katika kuyazungusha akilini maumbo ya Tetris na yanayofanana nayo, lakini hawakuwazidi katika kazi nyingine za aina hiyo. Hali kadhalika, Walter Boot na wenzake walipowafunza watu michezo mbalimbali kwa zaidi ya saa 20, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, hawakuona faida pana iliyotarajiwa. Na utafiti mmoja wa mwaka 2007 juu ya madaktari 33 wa upasuaji huko New York, uliokuta makosa machache zaidi kwa wale waliowahi kucheza sana, hauwezi peke yake kusema kipi kilitangulia. Yamkini wenye mikono myepesi ndio waliovutwa na michezo.

Pia kuna madhara. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kutawaliwa na michezo, ambapo mtu hushindwa kujizuia hata maisha yake yakaharibika. Sifa ileile ya kumfanya mtu arudie tena na tena, inayompendeza mwalimu, ndiyo inayoweza kumponza mchezaji.

Matokeo haya yanayoonekana kugongana hupatana yakipimwa kwa hoja iliyotangulia. Stadi iliyozoezwa na kanuni ndiyo inayopatikana, nayo huvuka hadi kwenye kazi nyingine kwa kadiri kazi hiyo inavyoihitaji stadi hiyohiyo. Rubani alinufaika kwa sababu kuyagawa mawazo kulikuwa ndani ya kanuni. Mchezaji wa Tetris hakunufaika nje ya maumbo yake kwa sababu kanuni hazikumdai zaidi ya maumbo hayo.

Mchezo na Kujifunza Kusoma

Swali linalofuata ni hili: mchezo ambao herufi na sauti zimo ndani ya kanuni zake waweza kumfunza mtoto kusoma? Jibu mojawapo limetoka Ufini, katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, ambako Heikki Lyytinen na wenzake walitunga mchezo ujulikanao leo kwa jina la GraphoGame. Mtoto husikia sauti, kisha huchagua herufi au silabi inayoiwakilisha kati ya zile zilizo mbele yake, na mashine humwongezea ugumu kwa kadiri anavyofaulu. Mchezo huo ulijaribiwa nchini Zambia kwa lugha ya Kinyanja katika shule za Lusaka. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha maendeleo katika tahajia, na kwamba matokeo mazuri zaidi yalipatikana pale ambapo mwalimu na wanafunzi wote walicheza. Mchezo haukumwondoa mwalimu, bali ulifaa zaidi alipokuwamo.

Jaribio kubwa zaidi kwa Kiswahili lilifanyika katika mkoa wa Tanga, Tanzania. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014, liliwataka washiriki watunge programu ambayo ingemwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2017, programu tano zilizofika fainali zilitiwa katika vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, na kwa muda wa miezi 15 zikatumiwa na watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170. Kwa mujibu wa waandaaji, hapo mwanzo zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa baina ya Kitkit School na onebillion, na programu zote tano zikawekwa wazi ili yeyote azitumie na kuzibadilisha.

Nusu ni hatua kubwa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani. Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wake wa pili, yaani watoto waliomaliza miezi 15 na kishikwambi mkononi bila kulisoma neno moja. Sababu za hali hiyo bila shaka ni nyingi, lakini iliyo katika uwezo wa wanaisimu kuichunguza ni lugha yenyewe.

Lugha Ndani ya Kanuni

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maandishi yanayokaribiana sana na matamshi, jambo linalorahisisha mchezo wa sauti na herufi. Lakini hata hapo yapo mambo ambayo mtunzi asiyeijua lugha hawezi kuyaona. Mchezo unaomtaka mtoto aligawe neno katika silabi sharti ujue kwamba mbu ni silabi mbili, m-bu, ilhali mbuzi pia ni silabi mbili, lakini mbu-zi. Sharti ujue kwamba ng' ya ng'oa si ng ya ngoa. Sharti uwe na mahali ambapo mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r atalazimika kuzisikia tofauti za kula na kura ili mlango ufunguke. Na ukifunza alfabeti kwa kufuata picha za lugha nyingine, mtoto wa kijijini ataonyeshwa tufaha asilolijua huku embe likimwangukia mlangoni.

Jambo la upatanisho wa kisarufi ni zito zaidi. Watunzi wa programu hupenda kuandika sentensi moja yenye pengo, kisha mashine ikalijaza pengo hilo kwa jina la kitu chochote kilichopatikana. Katika Kiingereza njia hiyo hupita bila matata. Katika Kiswahili, sentensi Umepata funguo mpya 3, zimehifadhiwa ni sahihi. Lakini vikivunwa vikapu katika pengo lilelile, mashine itamwambia mtoto umepata vikapu mpya 3, zimehifadhiwa. Ilipaswa iwe vipya na vimehifadhiwa. Kwa miavuli, mipya na imehifadhiwa. Kwa mayai, mapya na yamehifadhiwa. Mchezo wa namna hii humrudia mtoto na sarufi mbovu mara mia kwa siku, kwa subira ileile inayosifiwa. Ikiwa mashine ni mwalimu hodari wa lililo sawa, basi ni mwalimu hodari wa lililo kombo pia.

Kinyume chake, upatanisho wenyewe waweza kufanywa kanuni. Chukua michezo miwili ya kubuni. Katika wa kwanza mtoto humpiga mamba, na mamba akifa neno kikombe hutokea kwenye kioo na kusomwa kwa sauti. Mtoto atajifunza kuwapiga mamba. Neno kikombe aweza kulipuuza siku zote na bado akashinda, maana kanuni hazimdai alijue. Katika wa pili mtoto ni mwenye duka. Mbele yake pana vikombe, mikeka na mayai, makubwa kwa madogo. Mnunuzi hatakitaja kitu. Atasema tu, nipe vile viwili vidogo, au ile mitatu mikubwa, au yale mawili. Mtoto hana njia ya kuuza ila kwa kuusikiliza upatanisho. Akikosea, mnunuzi hukirudisha kitu na kuuliza tena. Akipatia, mnunuzi wa pili huja na ombi refu zaidi. Hapa ngeli hazikuelezwa popote, wala jedwali la viambishi halikuonyeshwa, lakini hakuna hatua inayopitika bila hizo. Mtoto wa Kisambaa, Kizigua au Kidigo, ambaye lugha yake ina ngeli zake zinazofanana na za Kiswahili lakini si zilezile, angekuta hapo daraja la kuvukia.

Ni wazi kwamba mchezo wa pili hauwezi kutokana na tafsiri. Haukuanza na Kiingereza ukavalishwa Kiswahili. Umeanza na sarufi ya Kibantu. Aidha, wawezekana kutungwa kwa Kikuyu, Kikamba au Kiluhya kwa kubadilisha viambishi na vitu vya dukani. Kwa Kijaluo, ambacho si lugha ya Kibantu, ingebidi mtunzi atafute kanuni nyingine inayotokana na muundo wa lugha hiyo. Kwa hiyo kila lugha humdai mtunzi uchambuzi wake kabla ya kumdai picha na rangi.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mchezo wa video hufunza kwa kutoa jibu la papo hapo, kwa kulipunguzia kosa gharama, na kwa kuipima kazi ilingane na uwezo; kwamba stadi zinazopatikana ni zile zilizomo katika kanuni; na kwamba lugha ikiachwa nje ya kanuni haitafunzwa, hata kama inasikika tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilianza kugawa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi vifaa, umeme na usalama, mambo ambayo yote ni ya lazima. Lakini kifaa ni ubao tu, na ubao mtupu haujapata kumfunza mtu bao. Swali la nani anayezitunga kanuni, na kwa kuijua lugha gani, haliwezi kujibiwa na fundi wa tarakilishi peke yake. Lahitaji mtu anayejua kwa nini mbu na mbuzi havigawanyiki sawa. Idara za lugha za Kiafrika zina watu hao, na programu za Tanga zimewekwa wazi zikingoja kusahihishwa. Kazi hiyo isipofanywa na wanaoijua lugha, itafanywa na wasioijua, na mtoto atayapokea makosa yao kuwa ndiyo sarufi.